Pipa likijaa mwisho wa tuta hupata maji, likipungua hukauka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, nina bustani nyuma ya nyumba. Ni matuta manne, kila moja mita 10 kwa mita 1: mawili ya sukuma wiki, mawili ya nyanya. Maji ya kisima nayaweka kwenye pipa la lita 200 lililoinuliwa kama nusu mita, yanaingia kwenye mipira ya matone. Pipa likijaa, matone yanatoka hadi mwisho. Likibaki chini ya robo, mwisho panakauka, na huko miche inanyauka. Nikiongeza maji, karibu na pipa panageuka tope. Sasa nyanya zinaota weusi kitakoni. Dukani nimeuziwa dawa ya ukungu, nimepiga mara mbili, sijaona nafuu. Mipira imeziba, au ni mirefu mno?

JIBU: Marahaba, dada. Jibu umelitaja mwenyewe bila kujua: pipa likijaa, matone yanatoka hadi mwisho. Mpira ulioziba haufunguki kwa sababu pipa limejaa. Na mita 10 si urefu wa kukutisha, kwa sababu maji yanayopita kwenye mpira wa matone ni machache na yanakwenda taratibu, hivyo msuguano wake ni mdogo sana. Ninachokiona mimi ni mwinuko. Mwisho wa matuta yako uko juu kuliko mwanzo, hata kama kwa macho bustani inaonekana tambarare.

Pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule mafundi ujenzi wanaotumia kutafuta usawa, ulinganishe mwanzo wa tuta na mwisho. Tuseme mwisho umezidi kwa sentimita 40. Pipa lenyewe lina kimo cha karibu sentimita 90, kwa hiyo likijaa maji yamesimama sentimita 140 juu ya mwanzo wa tuta na sentimita 100 juu ya mwisho. Tofauti hiyo inavumilika. Likikaribia kwisha, mwanzo umebaki na sentimita 50 na mwisho na 10. Kwa sentimita 10 vitundu havina nguvu ya kutonesha, na kila lita iliyobaki inaishia kwa mimea iliyo jirani na pipa. Ndiyo maana ukiongeza maji unaongeza tope.

Dawa ya hilo ni kuhamisha pipa hadi upande ulioinuka. Hakuna cha kununua isipokuwa labda kiungio kimoja. Ukipata nafasi msimu ujao, geuza matuta yakate mteremko badala ya kuufuata. Ukiweza pia inua pipa lifike mita 1, lakini stendi iwe imara kweli: lita 200 ni kilo 200, na watoto hupenda kucheza chini yake.

Ukienda kununua mipira mingine, usikubali ile yenye vitundu vinavyojisawazisha msukumo bila kuuliza. Ni mizuri kwa shamba lenye pampu, lakini mingi inahitaji maji yatoke kimo cha mita 5 au zaidi. Kwa pipa, chukua ya kawaida.

Kuhusu nyanya, naomba uache ile dawa ya ukungu. Weusi wa kitakoni, hasa ukiwa mkavu na umebonyea, ni kuoza kitako, na si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi (madini ya kalsiamu), na mara nyingi kalisi imo udongoni ila haikufika, kwa sababu inasafiri na maji na maji yako yanakuja kwa vipindi: leo tope, kesho ukavu. Matunda yaliyokwisha kuoza yatoe. Maji yakitulia, yatakayofuata yatakuwa safi.

Kiasi gani? Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa jua la Dodoma wakati wa kiangazi, mboga iliyokomaa kadiria milimita 5 kwa siku. Una mita 40 za mraba, basi ni lita 200: pipa moja kila siku. Nusu asubuhi, nusu jioni, maana udongo wa kichanga hauwezi kushika yote kwa mara moja. Tandaza majani makavu juu ya matuta na utaona udongo unakaa na unyevu muda mrefu zaidi.

Baada ya kuhamisha pipa, tega vikopo vinne chini ya vitundu, mwanzo na mwisho wa matuta tofauti, kwa dakika 15. Vikilingana au kukaribiana, umemaliza. Kikopo kimoja kikibaki nyuma peke yake, hapo sasa ndipo utafute kuziba. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe kwenye vitundu. Weka chujio la wavu baada ya koki, funika pipa lisipate mwanga ili ukijani usiote ndani, laza mipira vitundu vikitazama juu, na kila wiki fungua ncha za mipira maji yapite hadi yatoke meupe.

Kama maji yako yana chumvi, kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulikosea. Matone husukuma chumvi hadi ukingo wa duara lenye unyevu, na hukaa hapo kiangazi kizima. Mvua za kwanza za Desemba zikija kwa rasharasha, huirudisha yote kwenye mizizi. Siku hizo usifunge koki. Acha matone yaendelee huku mvua inanyesha, mpaka inyeshe ya kutosha kuishusha chumvi chini kabisa ya mizizi.