Fildi ya muziki hospitali: soma hapa kabla hujabeba gitaa

Madogo wa muziki mwaka wa pili wameanza kunifuata inboksi, kaka eti ni kweli fildi yako (mafunzo kwa vitendo ya chuo) ulifanyia hospitali, ulikua unawapigia wagonjwa muziki au? Ndio, wiki nane, hospitali moja ya mkoa, wodi ya watoto, wodi ya wanaume na chumba cha watoto njiti. Wenzangu walienda redioni na studio, mi nikaonekana nimekosa nafasi. Naandika mara moja kila mtu asome, nimechoka kurudia voisi noti.

Kuingia kwanza. Barua yangu ya utambulisho ilikataliwa hospitali mbili, moja walidhani naomba kutumbuiza kwenye sherehe yao ya wauguzi wakaniambia bajeti hamna. Ya tatu nikaenda nimejipanga, nimeprinti ripoti ya WHO Ulaya ya 2019, ile ambayo watafiti Daisy Fancourt na Saoirse Finn walipitia tafiti zaidi ya 3000 za sanaa na afya, nimeipiga mistari ya njano kama wakili anaenda mahakamani. Metroni wala hakuifungua. Akaniuliza, "Madaktari wakiwa kwenye raundi, wewe utakua umekaa wapi?" Sikua na jibu, akanirudisha nyumbani nikalitafute. Kesho yake nikaja na karatasi moja tu: naanza saa nne na nusu raundi ikishaisha, natoka saa sita kabla ndugu hawajaingia na hotpoti, raundi ikichelewa nakaa benchi la nje, sista akisema toka natoka siulizi kwanini. Akasaini hapo hapo. Kwaiyo we ukienda kuomba, faida za muziki ziache zije baadae, waambie kwanza utakaaje bila kumkwaza mtu.

Vyombo sasa. Nilikuja na ngoma, gitaa na ilimba, kile cha vyuma unachopiga kwa vidole gumba. Ngoma ilirudi getini siku ya kwanza, na kelele ni sababu ndogo, sababu kubwa ni ngozi. Kila chombo kinachoguswa na mgonjwa lazima kifutwe kabla hakijaenda kitanda kingine, na ngozi ukiipaka spiriti kila siku inakauka inapasuka, usipoipaka unabeba vijidudu kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Gitaa nililifuta kwa spiriti kwa bidii ya mgeni, wiki ya pili vanishi imepauka kama ukuta wa chumvi, mpaka leo lina baka. Kitambaa chenye maji ya sabuni, ukikamue kweli kweli, kinatosha kwa mbao, na gitaa mgonjwa asilishike, mshikishe vitu vinavyooshwa. Mi nilitengeneza kayamba za chupa za plastiki na maharage, nikazifunga mfuniko kwa gundi, watoto walizipenda kuliko gitaa langu la laki mbili, na mtoto akiruhusiwa anaondoka nayo.

Alafu nyimbo. Hapa ndo niliharibu. Siku ya tatu, wodi ya wanaume, nikasema niwatulize, nikaanza wimbo wa dini polepole, mipigo kama 60 kwa dakika, maana vitabu vinasema muziki wa kutuliza uwe hapo kati ya 60 na 80. Kitabu kimefuatwa vizuri tu. Wodi ikanyamaza nikajua nimewapata, kumbe mama aliyekua anamuuguza mumewe kitanda cha saba ameshajifunika khanga usoni analia, na babu wa kitanda cha pembeni ananyanyuka anauliza nani ametutoka? Ule wimbo kwao unaimbwa jeneza likitolewa ndani. Mi nimeukulia kwaya, kwangu ni wimbo wa Jumapili tu. Sista alinitoa kwa mkono, hakunigombeza, bora angenigombeza.

Baada ya pale sikuwahi kuanza wimbo bila kuuliza. Unafika kitandani, shikamoo mzee, unakaa, usisimame juu ya kichwa cha mtu aliyelala, unauliza kwao wapi, ujana wake walikua wanacheza nini, na kama leo anataka au hataki. Mzee wa pwani anaweza kutaka taarab, jirani yake wa bara anataka nyimbo za kwaya, wa tatu ni Muislamu na kaswida ndo inamtoa machozi ya raha, na wote wako hatua mbili mbili kwaiyo unapiga chini sana, mgonjwa mmoja mmoja, karibu na sikio. Ukitaka jukwaa rudi baa.

Na hataki maana yake hataki. Kulikua na kijana amevunjika paja kwa bodaboda, kila siku nikifika ananiambia "leo hapana," nami nasema sawa kaka naenda. Nikamwambia sista labda nimkere kidogo atazoea, akanijibu huyu anachomwa sindano hajaulizwa, anaamshwa saa kumi na moja hajaulizwa, we ndo mtu pekee humu ndani ambaye yeye anaweza kumfukuza, muache akufukuze. Siku anaruhusiwa nilimsikia anajisifu kwa wenzake kwamba yule wa gitaa nimemtimua mara kumi na moja, hesabu anayo kabisa.

Chumba cha njiti ndo kilinifundisha kazi. Niliingia na ilimba nikijua ni chombo cha upole, nikapima kwa programu ya simu, aibu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kelele humo zisizidi desibeli 45, maongezi yetu ya kawaida tu ni kama 60. Nikaiweka ilimba kwenye begi. Kuna utafiti ulitoka 2013 New York, wa Joanne Loewy na wenzake, watoto njiti 272 kwenye hospitali 11, moja ya vitu walivyotumia ni wimbo ambao mzazi mwenyewe anaupenda ukageuzwa bembelezi. Nikajaribu kwa mama mmoja aliyekua amembeba mwanae kifuani kikangaroo. Nikamuuliza mama unapenda wimbo gani, akasema mi sijui nyimbo, nikasema hata wa zamani, akacheka akasema labda ule wa mchakamchaka wa shule ya msingi. Mchakamchaka! Tukaupunguza mwendo mpaka ukawa kama mtu anatembea na ndoo kichwani, maneno tukayatoa tukabakiza mmm, alianza anaona aibu, dakika ya pili kaacha kuniangalia. Mi sikupiga chochote, nilikua nagusa goti langu kwa kidole tu asikimbie. Siku zilizofuata nilimkuta anaimba peke yake na wamama wawili jirani wameshaudaka.

Usije ukajiita tabibu lakini. Tabibu wa muziki ni fani kamili, Michigan State University walianza kuifundisha kama digrii 1944, na Marekani mwanafunzi anapitia masaa 1200 ya mazoezi kabla ya mtihani wa bodi. Wewe wiki nane, siku tano, saa moja na nusu kwa siku, ni masaa 60. Nasema kwa sababu mzee mmoja wa kiharusi, hawezi kutamka hata jina la mwanae, aliimba na mimi ubeti mzima na maneno yake. Hilo linajulikana, mtu aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo anaweza kushindwa kuongea na kuimba akaweza. Mi nikawageukia wanae nikasema baba anapona huyu. Mtu wa fiziotherapia alinisubiri koridoni, akaniuliza na asipoongea mwezi ujao utakuja wewe kuwaeleza? Kimya. Siku hizo waandikie wataalamu ulichoona, saa ngapi, wimbo gani, basi.

Picha usipige, hata ya mkono wa mtoto ameshika kayamba, hata kwa statasi.

Jumatatu ukikuta kitanda kitupu usiulize wodini kwa sauti, muulize sista ofisini. Kuna mtoto nilimuahidi Ijumaa kwamba Jumatatu nakuja na kayamba nyekundu. Niliimaliza kuipaka rangi Jumapili usiku. Ile wiki sikuimba vizuri na sista akanipa kazi ya kukunja gozi za kufungia vidonda nikae naye tu, ikasaidia.

Hela usitegemee, nilikua napanda daladala mbili kwenda mbili kurudi kwa hela yangu ya fildi. Na supavaiza wa chuo alivyokuja aliniuliza nimefanya shoo ngapi ajaze fomu. Nikamwambia hakuna. Andika logbuku yako kila siku, muda, wodi, vitanda vingapi, wangapi walikataa, maana ndo ilinipa maksi. Waliokataa nilikua nao 94, akaona ni kosa la kuandika nikamuita metroni amwambie mwenyewe.

Kama unalenga fildi ya mwezi wa saba barua iwe imefika mwezi wa tatu, na kiatu kisiwe cha kugonga sakafu.