Kabla hujaitikia "kale", uliza ni kale ya nani

Mi nimezaliwa kambini, mzee wangu alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili ndio lugha niliyochezea mpira na kupigiwa viboko, Kilugbara nikakipata kwa bibi yangu kule Arua wakati wa likizo, Kiganda nikaja kukiokota mitaani nikiwa mkubwa. Nikawa najiona fundi wa lugha bana. Ufundi huo ulinigharimu nauli ya pikapu nzima.

Ilikuwa Jinja, hapa Uganda, nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bosi ni mzee wa Kigujarati, familia yao ni katika wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 wakapewa siku 90, baadaye sana wakarudi. Siku hiyo akaja mteja kutoka upande wa Iganga anataka mabati, stoo hamna. Bosi akampigia simu mwenzake wa Kampala, wakaongea Kigujarati chao haraka haraka, mi nipo pembeni na madaftari nasikia tu kale, kale, kale. Nikajua basi imekubalika, si unajua kwa Kiganda na hata kwa Kisoga pale Jinja kale ni sawa, haya, tumeelewana. Sikumuuliza mtu. Nikamgeukia mteja nikamwambia mzee wangu tafuta gari kabisa, mabati yako njiani. Akaniitikia "kale ssebo" akaenda kukodi pikapu.

Saa kumi ikapita, saa kumi na moja, dereva anapiga honi mpaka majirani wanatoka nje kuangalia, ndo bosi ananiuliza nani kamwambia huyu baba mabati yanakuja leo? Kwa Kigujarati kale ni kesho. Ngoja, haijaisha: kale hiyo hiyo ni jana pia! Wakitaka kutenganisha wanaweka neno mbele yake, la iliyopita au la ijayo, la sivyo unajishikia mwenyewe kwenye kitenzi. Kihindi nacho kina kal, jana na kesho ndani ya neno moja. Pesa ya pikapu ikakatwa kwenye mshahara wangu na sikuwa na la kujitetea.

Ebu fikiria lakini, kaunta moja, watu watatu, neno moja. Mteja kwake ni sawa, bosi kwake ni kesho, na mimi mtoto wa Kiswahili niliyefundishwa kwamba ya kale ni dhahabu, kwangu ni zamani. Kuna siku nilimwambia huo msemo rafiki yangu Mganda, akakaa kidogo akaniuliza sasa "sawa" inakuwaje dhahabu?

Kuanzia hapo nikaanza kulifuatilia hilo neno kama mtu anayefuatilia deni. Kwanza nikajua kale yetu ina ndugu mbali huko kusini, Wachewa wa Malawi wakisema kale ni zamani, Wabemba wa Zambia pia, hizo ni lugha za ukoo mmoja na Kiswahili. Alafu Mganda, naye wa ukoo huo huo, jirani kabisa, neno linasikika karibu sawa ila kwake ni la kuitikia. Kwa hiyo usipime undugu wa maneno kwa umbali wa vijiji, utapotea.

Kosa langu la pili lilikuwa la aibu zaidi. Kwenye mafunzo fulani ya kilimo afisa akasema sukuma wiki Waingereza wanaiita kale, mi nikanyoosha mkono nikatangaza kwamba hilo neno wametuibia sisi, ni chakula cha kale! Watu wakapiga makofi hadi leo nikikumbuka nafunika uso. Ukweli ni kwamba linatoka kwenye Kilatini, caulis, maana yake shina au kabichi, na ndugu zake wamejaa Ulaya, Mjerumani anasema Kohl (ndio, kama yule chansela Helmut Kohl), Mholanzi anasema kool, na ile saladi ya kabichi ya kwenye mahoteli, kolslo, ni Kiholanzi koolsla. Neno lenye ukoo wa namna hiyo kwao haliwezi kuwa limetoka kwetu. Tena Mwingereza anatamka keil, mpigo mmoja tu. Yaani limefanana na letu kwenye karatasi tu, sikioni hata halifanani.

Ndo ushauri wangu wa kwanza huo kama unapenda haya mambo: litamke kwanza kabla hujaliandika. Kale ya Kigujarati, ile a yake inavutwa. La pili, liangalie kama halijavalishwa nguo. Mholanzi akisema kale anasema mwenye kipara, ila neno lenyewe ni kaal, ile e imekuja kwa sababu ya sarufi. La tatu, tafuta njia. Meza ni mesa ya Wareno, wakaja nayo pwani kwa merikebu, kisha Mganda akaipata ikawa emmeeza, hapo njia unaiona kwa macho. Kitabu cha Waarabu kimekuwa ekitabo, njia ipo. Sasa Waturuki nao wana kale, ni ngome, wamelitoa kwenye Kiarabu qal'a, ndo maana golikipa wanamwita kaleci, mlinda ngome, na kwenye sataranji ile kete ya mnara ni kale. Wabaski kule kaskazini mwa Hispania, kale ni mtaa. Njia ya kutoka huko mpaka kwa muuza ndizi wa Jinja anayekwambia kale? Mi sijaiona, na maneno mafupi ya silabi mbili ni rahisi kugongana kama watu kwenye teksi pak.

Kazini sasa, ukiwa kwenye mji wenye lugha nyingi kama yetu, usifunge biashara kwa neno fupi. Rudisha swali kwa neno lingine, leo au kesho, mangapi, saa ngapi ya mchana. Na mtu akikuitikia kale kwa sauti ya chini huku anaangalia pembeni, hiyo wala siyo sawa, hiyo ni kero imevaa adabu, Waganda wenyewe wanaijua.

Bosi wangu alijitahidi baada ya ile pikapu. Akaanza kuniandikia oda kwa Kiswahili ili nisikosee tena. Wiki iliyofuata nikafungua daftari nikakuta mwandiko wake: "Mabati 40 yatafika jana."