Maswali ya Wasomaji: Prosesa inagonga nyuzi 95

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nina prosesa ya Ryzen 5 3600 kwenye bodi mama ya B450, na feni yake ni ile ile iliyokuja ndani ya boksi. Nimepandisha viini vyote hadi gigahezi 4.3 kwa volti 1.4. Nikiwasha Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa), joto linafika nyuzi 95 na kasi inashuka yenyewe. Chumba changu hakina kiyoyozi. Ninunue feni kubwa?
Msomaji, Temeke

JIBU: Shusha volti kwanza, feni baadaye. Joto hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.2 hadi 4.3 kwa volti 1.4, kasi imeongezeka asilimia 7.5 tu, ilhali umeme unaogeuka joto umeongezeka takriban asilimia 46. Feni ya boksi haina ubavu huo.

Nyuzi 95 ndio mpaka uliowekwa na AMD, mtengenezaji wake. Ikifika hapo prosesa hujipunguza ili isiungue. Kinachoichakaza zaidi ni volti 1.4 isiyoshuka chini ya mzigo mzito. (Ukiiacha ijiendeshe utaona hata 1.4 na ushei, usishtuke: hiyo ni ya muda mfupi, mzigo ukiwa mwepesi.)

Rudisha BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi mama) kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha weka kizidisho 41, yaani gigahezi 4.1, na volti 1.25. Endesha Cinebench R23 kwa dakika 10 huku ukisoma “Tctl/Tdie”, yaani joto la prosesa, kwenye programu ya HWiNFO. Ikibaki chini ya nyuzi 85, ongeza kizidisho kwa 0.25 na ujaribu tena. Kompyuta ikijizima au kuganda wakati joto liko sawa, volti hazitoshi: ongeza 0.0125. Usivuke 1.3. Kama 4.2 haitulii hapo, rudi 4.1 ukae nayo. Prosesa za aina moja hazilingani uwezo. Malizia kwa saa nzima ya Prime95 (programu ya kuitwisha prosesa mzigo mzito), na kosa hata moja lina maana bado haijatulia. Pima mchana, si usiku: chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 8.

Ukiamua kubadilisha feni, tafuta ya mnara yenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120. Hatari iko kwenye kung'oa ya zamani. AM4, soketi ya bodi yako, haina bamba la kuikandamiza prosesa kwa juu, kwa hiyo pesti (krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) iliyokauka huweza kuitoa pamoja na feni na kupinda pini. Ipashe moto kompyuta dakika chache kwa kazi nzito, izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu nne kwa mshazari, kisha zungusha feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Futa pesti kwa alkoholi ya isopropili, weka tone jipya la milimita 5 katikati.

Kama lengo ni michezo, binafsi nisingejisumbua. Prosesa hii hufika 4.2 yenyewe kwenye kiini kimoja, na ukiifunga 4.1 unaipoteza hiyo. Washa XMP (mpangilio wa kasi ya memori ndani ya BIOS) ili memori iende kasi ya 3200 au 3600 badala ya kubaki 2133. Hapo ndipo utaona tofauti.

SWALI: Nina Dell OptiPlex 9020 ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-4590. Naipandishaje kasi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Haipandi. Katika kizazi hicho Intel iliacha kizidisho wazi kwa karibu prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina peke yake, na BIOS ya Dell haina mahali pa kukigusa. Pesa yako ipeleke kwenye diski ya SSD ya SATA na memori ya DDR3 ifike gigabaiti 16. Ukiifungua, puliza vumbi kwenye hitsinki (chuma cha kupozea prosesa) na ubadilishe pesti.