Seli zinamegana kama ugali: maswali yenu

Juzi niliandika ati seli za kinga zikigusana zinamegana utando, yaani ile ngozi yao ya nje, inboksi ikajaa. Najibu machache.

Kondele, Kisumu: Kumegana aje? Si hiyo ni kulana tu?

Hapana bana, kula ni kumeza mzima. Hapa seli T, mmoja wa askari wa kinga ya mwili, inashikana na ile seli yenye inamwonyesha vipande vya kidudu, wanakaa hivyo dakika kadhaa, wakiachana T anaenda na kipande cha utando wa mwenzake pamoja na protini zilizokuwa juu yake, na aliyemegwa yuko hai anaendelea na mambo yake. Ni kama umege tonge kwa sahani ya jirani. Joly na Hudrisier, watafiti wa Ufaransa, waliiita trogositosisi mwaka 2003, kwa Kigiriki ni mambo ya kutafuna.

Free Area, Nakuru: Kipande chenyewe kinaenda wapi?

Kinavaliwa, kama mitumba ya Kibuye. Sasa T akivaa zile protini za kuonyesha kidudu, seli T zingine zinaweza kumchukulia kama mwonyeshaji, ziamke, ama zimshambulie yeye mwenyewe.

Eldoret: Mimi ni nesi, hii inahusu matibabu ya CAR-T?

Sana, na hapa ndio pananiuma roho. Seli T za mgonjwa zinatengenezwa upya zitambue protini CD19 kwa saratani ya damu. Mwaka 2019 watafiti Marekani walionyesha kwa panya kwamba hizo T zinamega hiyo CD19 na kuivaa, so saratani inabaki na kidogo sana inajificha, na T aliyeivaa anauawa na T wenzake wakidhani ni adui. Hasara mara mbili.

Kakamega: Nilipimwa choo nikapatikana na amiba. Yeye anamega pia?

Eeh, na huyo hana huruma. Tangu 2014 inajulikana amiba wa kuharisha damu anamega seli zetu zikiwa hai, kidogo kidogo mpaka zife. Halafu anavaa protini za binadamu, na zile protini za kwenye damu zinazotoboa vijidudu zinashindwa kummaliza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini ya amiba inasitiri kabisa. Dawa umalize, hata kama tumbo limetulia siku ya pili.