Dola 300 za CCNA nilizilipa mara mbili

Mwaka 2021 zamu yangu ya mchezo ilifika nikapokea laki saba. Mama watoto alikuwa na hesabu ya kabati. Mimi nilikuwa na hesabu ya CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, mtihani wake dola 300, na kwa shilingi ya wakati ule zile laki saba zilimezwa karibu zote. Kabati likasubiri. Nikaingia chumba cha mtihani, dakika 120, nikafeli.

Nilifeli kwa ujinga wangu. Nilikuwa nimekariri faili la maswali na majibu lililokuwa likizunguka kwenye kundi la WhatsApp. Walipobadilisha kidogo tu anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, nikabaki natazama skrini. Na mtihani wa Cisco haukurudishi nyuma: ukishajibu swali, umeliaga. Sheria yao inakuruhusu kurudia baada ya siku tano. Mfuko wangu ulihitaji miezi saba.

Miezi ile saba ndiyo iliyonifundisha kazi. Nilishusha Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco ya kuchezea, ndani ya kompyuta, rauta na swichi, yaani vifaa vya kuunganisha mitandao, nikawa kila usiku najenga ofisi za uongo na kuziharibu. Kugawa anwani za mtandao kukawa kitu ninachokifanya kichwani nikiwa kwenye daladala. Mara ya pili nilifaulu. Ila ukipiga hesabu ya cheti changu, usiandike dola 300. Andika 600, na kabati.

Mshahara haukupanda hata shilingi. Bosi alinipa hongera, akaomba nakala. Baada ya wiki chache nikaiona nakala ile ndani ya makabrasha ya zabuni, pamoja na wasifu wangu. Zabuni nyingi za mitandao hudai wahandisi wenye vyeti vilivyo hai. Bila karatasi hiyo kampuni haivuki hata hatua ya kwanza. Kumbe nilikuwa nimemlipia tajiri tiketi yake! Sikununa sana, maana hapo ndipo nilipojifunza kuuliza swali ambalo ningeuliza mwanzo: cheti hiki kinamfaa nani zaidi? Kama ni mwajiri, alipe yeye. Mtihani uliofuata nilimwendea na barua fupi inayotaja zabuni ile, akalipa bila maneno mengi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama vyeti vina thamani ya fedha yake, nitakuuliza kwanza unataka kuingia mlango gani. Chukua matangazo ya kazi unazozitamani, ya miezi miwili mitatu, uhesabu ni mangapi yanataja cheti hicho kwa jina. Kwenye mitandao, ulinzi wa mifumo na ukaguzi utaviona. Mwandishi wa programu ni habari nyingine: kwake ningeweka fedha kwenye bando na umeme, nijenge vitu viwili vinavyofanya kazi watu wavione.

Halafu soma masharti mpaka chini. Kuna kijana aliniambia anataka CISSP, cheti cha ulinzi wa mifumo, kwa sababu wenye nacho wanalipwa vizuri. Wanalipwa vizuri kwa sababu cheti hicho kinadai miaka mitano ya uzoefu. Ukifaulu bila uzoefu hupewi jina hilo, unabaki mshirika tu mpaka uutimize. Na ada ya kila mwaka ipo. CCNA hudumu miaka mitatu, kisha unafanya mtihani tena au unakusanya alama za mafunzo. Vile vya Microsoft vya ngazi ya kati huisha baada ya mwaka mmoja, ila kuvihuisha ni bure, mtandaoni. Tofauti kama hizi hazimo kwenye tangazo la chuo kinachokuuzia kozi.

Kozi zenyewe, sitaki kusema sana. Za gharama nilizoziona zilikuwa mtu anasoma slaidi.

Cheti changu kilipokaribia kuisha sikukigusa mpaka ofisi ilipolipa. Wasingelipa, ningekiacha kife. Kwa sasa wanaonipigia simu wananipigia kwa kazi walizoziona.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alinijia: "Kaka, nianze na CCNA au AWS? Baba ameuza mbuzi." AWS ni huduma za Amazon za kukodi kompyuta mtandaoni, nazo zina vyeti vyake. Nikamuuliza kama amewahi kushika rauta. Hajawahi. Nikamwambia fedha ya mbuzi ikae kwa baba kwanza, nikampa laptop yangu ya zamani yenye Packet Tracer na kazi moja: ofisi mbili, VLAN tatu (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile), kila mtu amfikie mwenzake isipokuwa idara ya fedha. Jana usiku saa sita amenitumia picha ya skrini. Alama zote za kijani, moja tu nyekundu, na chini ameandika, "Usiniambie."