Jibu: Maisha ya mtu wa kujitolea St Lucia

Dada, umeuliza siku ya kawaida huko ikoje na kama posho inatosha. Nilikaa St Lucia, kisiwa cha Karibea, mwaka mzima nikisaidia shule ya msingi kijijini, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Kwanza salamu. Ukipanda haisi (usafiri wao ni haisi kama zetu) bila kusema "good morning" kwa wote, umewakosea. Jioni wanasalimia "good night", nasi tumezoea hiyo ni ya kuagana! Watoto shuleni husoma kwa Kiingereza, ila wakicheza ni Kikrioli chenye asili ya Kifaransa. Jifunze hata maneno kumi, milango itafunguka.

Posho inabana. Dola yao ya Karibea Mashariki ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na vitu vingi vya dukani vinaletwa kwa meli. Kula vya shambani: ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi, magimbi, shelisheli. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa akibanika shelisheli juu ya moto wa kuni mpaka ganda liwe jeusi tii, analikwangua kwa kisu, ndani jeupe linafuka mvuke. Siku ya kwanza nilinyamaza kabisa, maana ladha ile ilinirudisha nyumbani kwa bibi yangu Tanga.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Weka tochi, na maji ndoo mbili siku zote, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha vyanzo vya maji hujaa tope, na bomba hukauka.