Kwa mzee wa kanisa mpya: kumtunza mchungaji kabla ya siku ya kumuaga

Umechaguliwa, umeingizwa kazini mbele ya usharika, na sasa unasubiri kikao chako cha kwanza cha baraza la wazee. Ajenda zitakuwa za paa, harambee na kwaya. Mchungaji huzungumzwa sana mara mbili: anapopokelewa na anapoagwa. Hapo katikati ndipo sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hulegea, na ndipo inapoamuliwa kama huduma yake itaacha kitu au itaondoka naye kwenye lori la mizigo.

Anza na lisilopendeza kulizungumza: mafao. Uliza mwajiri wake kwa maandishi ni nani, dayosisi au usharika, kwa sababu dayosisi hazifanani. Mchango wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa mshahara wa shilingi 600,000, hiyo ni 120,000 kila mwezi. Sadaka ikipungua, mshahara hulipwa na mchango huachwa, maana hakuna anayekuja kuudai mlangoni. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Chukua mtu aliyebarikiwa kuwa mchungaji akiwa na miaka 43, na ambaye huko nyuma, akiwa mwinjilisti, hakuchangiwa. Hadi afikishe miaka 60 ana miezi 204 tu. Ikirukwa 25, anabaki na 179, na pensheni ya kila mwezi imempita kwa mwezi mmoja. Hata mkimpa pikipiki mpya na ng'ombe siku ya kumuaga, pengo hilo halizibiki.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu mhasibu alete kikaoni uthibitisho wa malipo, na mchungaji aangalie mwenyewe taarifa yake ya michango NSSF. Vilinganishwe. "Tumeshapeleka" lisiandikwe kwenye muhtasari bila karatasi.

Usafiri nao upigiwe hesabu, usiachiwe huruma ya mtu mmoja mwenye gari. Usharika wenye mitaa minne, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, mmoja ukiwa kilomita 18, unamdai mchungaji kilomita 36 kwa kila safari ya kwenda na kurudi. Akienda mara nne kwa mwezi ni kilomita 144. Kwa pikipiki inayokwenda kama kilomita 40 kwa lita, ni lita nne kasoro, kwa mtaa mmoja tu, kabla ya misiba na wagonjwa. Wekeni fungu la mafuta na fungu la matengenezo, kila moja peke yake. Yakichanganywa, mafuta hula yote, kisha pikipiki inakaa bila breki na watu wa mtaa wa mbali wanakosa Chakula cha Bwana kwa miezi.

Siku ya kupumzika, kwa kawaida Jumatatu, huvunjwa na misiba. Msiba haukatazwi, ila unaweza kupangwa. Mzee wa zamu apokee simu kwanza. Mwinjilisti aende kuongoza sala nyumbani kwa marehemu. Mchungaji aje kwenye ibada ya maziko. Jumatatu ikiliwa, apewe siku nyingine wiki hiyohiyo, na itangazwe. Likizo ya mwaka ni haki ya kisheria, siku 28, na haihesabiwi kuwa likizo kama anaitwa kila Jumapili "kubariki tu kidogo".

Kwenye fedha, msaada mkubwa ni kumweka mbali nazo. Sadaka ihesabiwe mara baada ya ibada na watu wasiopungua watatu, noti zikiorodheshwa kwa thamani zake, wote wasaini, na fedha zipelekwe benki Jumatatu. Zisilale nyumbani kwa mchungaji hata usiku mmoja. Kinachoharibu mara nyingi kina njia moja: mshahara umechelewa, sadaka iko kabatini, anakopa kidogo akitegemea kurudisha, na kabla hajarudisha jina lake limeshafika jumuiya zote. Mnada wa mazao baada ya ibada una mtego wake: mtu anashinda mkungu wa ndizi kwa sauti kubwa, anasema ataleta, na daftari la madeni hakuna. Liwepo.

Utaombwa pia "uzungumze na mchungaji" ili ndoa ifungwe haraka. Usikubali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla, na mwenye leseni ya kufungisha ndoa ni yeye, si wewe.

Malalamiko yasianzie kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Anayelalamika aende kwa mchungaji, na akishindwa aje na mzee mmoja au wawili. 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashtaka. Lakini mstari huo usigeuzwe pazia. Mtoto akidhuriwa, jambo linapelekwa polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo, na mkuu wa jimbo la kanisa anaarifiwa. Wazee wanaosema "tulimalize kifamilia" hapo hawamsaidii mchungaji wala kanisa.

Barua ya uhamisho ikifika, tengeni siku mbili za makabidhiano. Rejista za ubatizo, kipaimara na ndoa zipitiwe ukurasa kwa ukurasa, kila pengo lijazwe yeye akiwa bado yupo, kwa sababu miaka 20 baadaye mtu atakuja kutafuta cheti chake humo. Orodha ya vyombo vya nyumba isainiwe, hasa magodoro na tangi la maji, ndiyo hugombaniwa. Darasa la kipaimara likabidhiwe kwa mwalimu aliyekuwa akifundisha pamoja naye. Kama hakuwapo, hilo ni kosa la baraza.

Akishahama, watangazieni washarika utaratibu. Anayetaka yule wa zamani amfungishe ndoa anapeleka ombi kwa mchungaji aliyepo, na wazee wasimpigie wa zamani simu kumuuliza mambo ya kikao.